Historia: Frantz Fanon, munganga mwenye alitafuta ugonjwa wa akili inje ya kichwa cha mugonjwa

Katika inchi nyingi za Afrika jina la Frantz Fanon linatajwa wakati watu wanazungumuza juu ya ukoloni na uhuru. Vitabu vyake vinasomwa na wanasiasa, na wanafunzi wa chuo kikuu, na vijana wenye hawajaingia hata siku moja katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini kazi yenye ilikuwa inamupatia mukate haikuwa siasa. Alikuwa munganga wa akili, na mengi yenye aliandika juu ya ukoloni aliyasikia kwanza mu kinywa cha wagonjwa.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 7, 1925, huko Fort-de-France, muji mukubwa wa Martinique, kisiwa cha Karibea chenye kilikuwa chini ya Ufaransa tangu zamani za biashara ya watumwa. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa duane, mama yake alikuwa na duka, na nyumba ilikuwa na watoto 8. Haikuwa jamaa ya kimaskini. Mutoto alisoma katika Lycée Schoelcher, ambako mushairi Aimé Césaire alikuwa mumoja kati ya walimu. Katika masomo ya wakati ule, watoto wa ngozi nyeusi walifundishwa kama wao ni Wafaransa, na kama watu weusi wa kweli ni wale wa mbali, wa Afrika.

Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa kijana wa miaka 18 hivi. Alitoroka na mashua mupaka kisiwa cha Dominica, juu alitaka kuingia katika jeshi la Ufaransa huru la Jenerali de Gaulle. Kisha alipelekwa Maroko, Algeria, na mwisho Ufaransa yenyewe. Katika jeshi hilo aliona ngazi: juu Wazungu, katikati watu wa visiwa kama yeye, chini kabisa askari wa Afrika. Mwaka wa 1944 aliumizwa na kombora upande wa mashariki ya Ufaransa, na akapewa medali ya ushujaa. Mukubwa mwenye alimutunukia medali ile aliitwa Raoul Salan. Miaka kumi na kitu kisha, Salan huyo huyo ndiye aliongoza jeshi la Ufaransa kule Algeria, na Fanon alikuwa upande mwingine.

Alirudia nyumbani, akamaliza masomo ya sekondari, kisha akaenda Lyon kusomea uganga. Kule, katika muji wenye watu weusi walikuwa wachache sana, alianza kuandika kitabu chenye kilitoka mwaka wa 1952, Peau noire, masques blancs. Alitaka kwanza kitabu hicho kiwe kazi yake ya mwisho ya masomo, lakini mwalimu wake alikataa. Akaandika kazi ingine upesi, juu ya ugonjwa wa mishipa wenye watu wanarizi kutoka kwa wazazi, na akapata cheti chake mwaka wa 1951.

Wakati ule, wenye walisikia neno saikolojia walifikiria kwanza Sigmund Freud, munganga wa Vienna. Njia ya Freud inajulikana: mugonjwa analala kwenye kiti kirefu, munganga anakaa nyuma yake, na mugonjwa anasema yote yenye inamujia, hata ndoto zake. Freud alikuwa anatafuta kidonda katika utoto, kati ya mutoto, mama na baba. Fanon alikubali kama utoto unaacha alama. Lakini aliuliza: na mutoto mwenye nyumba yake ni nzuri, wazazi wake wanapendana, kisha anatoka inje na kila kitabu, kila filme, kila mwalimu anamuonyesha kama rangi yake ni ya watu wabaya? Mutoto huyo anaanza kujitazama na macho ya mwingine. Anajichukia bila kujua sababu. Kidonda hicho hakitoki mu damu wala kwa mama yake. Kimetoka ku barabara, na ku barabara ndiko kinapashwa kutafutwa.

Mufano mumoja unaonyesha vizuri tofauti hiyo. Octave Mannoni, Mufaransa mwenye aliishi miaka mingi Madagascar, alikuwa ameandika kama Wamalgashi wanatafuta wao wenyewe mutu wa kuwatawala, sawa mutoto anatafuta baba. Aliandika pia ndoto za watoto wa kule: ngombe dume mweusi anawakimbiza, askari mwenye bunduki anakuja. Alizieleza kwa njia ya Freud, kama alama za mambo ya baba na ya mwili yenye imefichwa ndani ya mutoto. Fanon alikumbusha jambo moja tu: mwaka wa 1947 Wamalgashi walisimama juu ya uhuru, na jeshi la Ufaransa, pamoja na askari wenye liliwatosha Senegal, liliwaua watu kwa maelfu. Mutoto mwenye anaota bunduki ameiona bunduki. Kabla ya kutafuta maana ya kufichwa, tazama kwanza yenye ilipita mbele ya macho yake.

Kisha masomo, Fanon alienda kufanya kazi Saint-Alban, kijiji cha milima katikati ya Ufaransa. Kulikuwa kule hospitali yenye ilianza kujulikana juu ya munganga François Tosquelles, mukimbizi mwenye alitoka Hispania kisha vita ya inchi yake. Wakati Wajerumani walikalia Ufaransa, wagonjwa wa akili walikufa na njaa kwa maelfu na maelfu, wamefungwa ndani ya hospitali zao. Kule Saint-Alban wagonjwa na wauguzi walitoka inje ya ukuta, wakalima pamoja na wanakijiji, wakarudi na chakula, na wengi waliokoka. Tosquelles alitosha somo mule: hospitali yenyewe inaweza kuwa mugonjwa, na kama haijapona, mutu hawezi kuponea ndani yake. Kwa hiyo waganga, wauguzi na wagonjwa walikaa mu mikutano pamoja, wagonjwa wakaandika gazeti lao, wakasimamia kazi zao. Sindano na dawa zilibakia, hata umeme wa kichwa ulibakia, na Fanon mwenyewe aliutumia miaka yote ya kazi yake, jambo lenye wenye wanamusifu hawapendi kutaja. Lakini baada ya dawa kulihitajika maisha ya pamoja, ili mutu ajifunze tena kuishi na wengine.

Mwezi wa 11, 1953, Fanon alipewa kazi ya munganga mukubwa katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, karibu kilomita 45 kutoka muji wa Alger. Alikuwa na miaka 28. Alipewa wanamuke Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220, kila kundi upande wake, juu hata wazimu ulikuwa umegawanywa kufuatana na ukoloni.

Alianza mara moja na njia ya Saint-Alban. Kwa wanamuke ilienda vizuri: mikutano, gazeti, filme, kazi ya kushona, sikukuu ya Noeli. Wanamuke wenye walikuwa wanafungwa juu ya fujo walianza kutulia. Lakini kwa wanaume hakuna kitu kilitembea. Walikuja ku mukutano wakakaa kimya. Wengine walibakia wamelala chini ya miti, wengine walipigana. Karakana ya kusuka vikapu ilibakia bure. Gazeti hawakulisoma. Wauguzi wa zamani, wenye walikuwa wamesema tangu mwanzo kama munganga huyu kijana hajui watu wa kule, waliona wana haki.

Kuna waganga wengi wenye wangeandika ndani ya ripoti kama wagonjwa hawa hawana akili ya kutosha kwa matibabu ya namna hii. Na hawangekosa elimu ya kuwaunga mukono. Katika Alger, Profesa Antoine Porot na wanafunzi wake walikuwa wanafundisha tangu miaka mingi kama Mualgeria ni mutu wa kitoto, mwongo, mwenye kuua bila sababu, na kama hiyo inatokana na ubongo wake. Kule Kenya, munganga J. C. Carothers, mwenye aliongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi, aliandika kwa Shirika la Afya la Dunia kitabu chenye kilitoka mwaka wa 1953, ndani yake akalinganisha akili ya Mwafrika na akili ya Muzungu mwenye alipasuliwa ubongo upande wa mbele. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilimwita aeleze Mau Mau. Alieleza mambo ya akili. Udongo wenye Wakikuyu walinyanganywa ukabakia nyuma. Fanon alisoma Porot na Carothers na aliwajibu wote wawili miaka iliyofuata.

Lakini katika mwaka wa 1954 alifanya kwanza kitu kigumu zaidi. Pamoja na munganga kijana Jacques Azoulay, aliandika katika gazeti la waganga kama kosa lilikuwa la kwao. Wanaume hawa walikuwa wengi wao wakulima na vibarua wenye hawana mashamba. Kusuka vikapu kwao ni kazi ya wanamuke. Noeli si sikukuu yao. Kusoma wengi hawakujua. Hata mazungumuzo yenyewe, chombo cha kwanza cha munganga wa akili, yaliharibika, juu Fanon hakujua kiarabu wala kikabili. Mugonjwa alisema mambo marefu, mutafsiri akayafanya mafupi. Zaidi ya hapo, Mualgeria alikuwa amezoea kuona mutafsiri mbele ya hakimu ao mbele ya polisi. Alipomuona hospitalini, kinywa kilijifunga. Waganga walikuwa wameleta maisha ya kijiji cha Ufaransa, kisha wakashangaa kuona Waislamu wa Algeria hawataki kuyaishi.

Walianza upya. Walifungua nyumba ya kahawa sawa zile za muji, yenye wanaume wanakaa kunywa na kucheza. Walisherehekea sikukuu za Waislamu, wakamwalika kiongozi wa dini kwa sala, wakamuleta mutu wa kusimulia hadisi za kale. Wagonjwa walipewa majembe, wakalima. Wakatengeneza kiwanja cha mupira. Haikuponyesha kila mutu, lakini wanaume walianza kusema.

Fanon aliendelea kutembea na kuuliza. Alifika mu vijiji, akauliza namna gani watu wanamutunza mwenye wazimu. Walimwambia kama ni majini yanamuingia. Mwaka wa 1956 aliandika juu ya hayo na mwenzake François Sanchez, na hawakuandika kwa kuchekelea. Waliona kama kijijini hakuna mutu anamukasirikia mugonjwa juu ya matusi ao mapigo yake, kwa sababu si yeye, ni jini. Na siku anapona, anarudia mahali pake bila aibu. Muuguzi wa Ulaya, mwenye amejifunza kama ni ugonjwa, mara nyingi anamuazibu mugonjwa mwenye alimupiga. Fanon hakuamini majini. Lakini aliona kama katika jambo hili moja wanakijiji walikuwa mbele.

Mwaka ule ule alijaribu na mwenzake Charles Geronimi kipimo kimoja cha saikolojia chenye kilitoka Marekani: unaonyesha mutu picha, anakutungia hadisi, na katika hadisi unasoma mawazo yake. Wanamuke Waislamu walishindwa. Walitaja kitu kimoja, viwili, kisha wakanyamaza. Picha zilikuwa za nyumba, nguo na watu wa Ulaya. Hawakujua nini inapita mule. Lakini kati ya picha zile kuna karatasi moja nyeupe, bila kitu. Mbele ya karatasi ile walitunga hadisi ndefu na nzuri. Kipimo hakikuwa kimepima akili yao.

Wakati huo vita ya Algeria ilikuwa imeanza, tarehe 1 mwezi wa 11, 1954. Hospitali ya Blida ilijaa watu wa pande zote mbili. Fanon aliwatunza kwa siri wapiganaji wa FLN na akawapa dawa. Mu masaa ya kazi aliwapokea pia polisi wenye kazi yao ilikuwa kutesa wafungwa. Mumoja alikuja juu alianza kupiga bibi yake na watoto nyumbani, hata mutoto mudogo sana. Aliogopa mwenyewe. Lakini hakutaka kuacha kazi: alimuomba munganga amusaidie aendelee kutesa bila roho kumusumbua.

Siku ingine polisi mwingine, mwenye alikuwa anatunzwa hapo, alikutana katika uwanja wa hospitali na mutu mwenye alikuwa amemutesa. Polisi alikutwa amejiegemeza kwenye muti, anatetemeka, jasho linamutoka. Yule mwingine walimutafuta mupaka wakamukuta chooni: alitaka kujiua, juu aliamini kama polisi amekuja kumurudisha kule kwa mateso. Ilikuwa lazima kumwambia mara nyingi kama amejidanganya, kama polisi hawaingiake hospitalini. Ilikuwa uongo wa kumuponyesha.

Mwisho wa mwaka wa 1956 Fanon aliandikia Robert Lacoste, mukubwa wa Ufaransa kule Algeria, barua ya kuacha kazi. Alieleza ndani yake kama uganga wa akili una kazi ya kumusaidia mutu asijisikie mugeni katika mahali anaishi, na kama Mualgeria alikuwa amefanywa mugeni kwao mwenyewe. Katika hali hiyo munganga anaponyesha nini? Mwezi wa kwanza wa 1957 alifukuzwa Algeria. Alikimbilia Tunis.

Kule aliandika katika gazeti la FLN, El Moudjahid, na aliendelea na uganga. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alifungua mwaka wa 1958 kituo cha muchana: wagonjwa wanafika asubui, wanapata dawa, mazungumuzo na kazi, magaribi wanarudia kwao.  Fanon alikuwa ametoka mbali. Saint-Alban ilikuwa imemufundisha kufanya hospitali iwe kama kijiji. Sasa aliona kama kijiji hicho cha uongo hakitoshi, juu mugonjwa ameumia mu maisha ya kweli, na bibi, watoto, deni na jirani wake wako inje ya ukuta. Kwa hiyo afazali alale nyumbani kila usiku, na munganga asikie kesho yake nini ilipita. Aliwatunza pia wakimbizi Waalgeria wenye walivuka mupaka, kati yao watoto wenye hawakulala usiku na wenye walishituka kwa kila sauti. Wakaaji wa Kivu na Ituri hawana lazima ya kuelezwa namna ile.

Mwezi wa 12, 1958, alifika Accra katika mukutano wa mataifa ya Afrika. Patrice Lumumba alikuwa pale pia, na wakafahamiana. Mwaka wa 1960 Fanon alikuwa balozi wa serikali ya Algeria huko Ghana, na mwezi wa 8 alikuja Léopoldville wakati Lumumba alikusanya wakubwa wa inchi za Afrika. Miezi mitano kisha, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Lumumba aliuawa Katanga. Fanon aliandika mara moja kama Lumumba alikosea kuamini ONU, na kama Waafrika walikosea zaidi, wenye walituma askari wao chini ya bendera ile.

Alipoandika vile alijua tayari kama yeye mwenyewe anakufa. Waganga walikuwa wamekuta kansa ya damu. Alitunzwa kwanza Moscow, akarudia Tunis, na katika miezi michache ya 1961 alimaliza kitabu cha mwisho, Les Damnés de la terre. Sehemu ya kwanza, ile juu ya nguvu na mapigano, ndiyo inajulikana zaidi. Mule anasema kama mutu mwenye anatawaliwa, anaposhika silaha, anapata tena uutu wake. Watu wengi wenye bunduki wamejificha nyuma ya kurasa zile. Afazali wangefika sehemu ya tano.

Katika sehemu ya tano siye mwanasiasa anasema tena, ni munganga na kitabu chake cha wagonjwa. Kuna kijana Mualgeria wa miaka 19, mwenye mama yake aliuawa na askari Mufaransa; kijana aliingia katika mapigano, akaua mwanamuke Muzungu mwenye alikuwa anamuomba asimuue, na kila usiku mwanamuke huyo alimurudilia akimudai damu yake. Kuna mutu wa inchi ingine ya Afrika mwenye aliweka bomu katika nyumba ya kahawa na kuua watu kumi. Inchi yake ilipata uhuru. Alipata marafiki kati ya watu wa taifa lile lenye lilimutawala, wakamupendeza. Na kila mwaka, siku ile ikikaribia, usingizi ulipotea na mawazo ya kujiua yalikuja. Hakujuta kupigana. Lakini aliuliza kati ya wale kumi, wangapi walikuwa sawa marafiki hawa. Fanon hakuandika kama wenye walipigana kwa haki wanapona peke yao. Aliandika kama kazi ya kufunga vidonda hivyo itachukua miaka mingi kisha vita.

Kitabu kilikuwa kimetoka tu Paris, na polisi walikuwa wanakinyanganya, wakati Fanon alikufa katika hospitali ya Bethesda, karibu na Washington, tarehe 6 mwezi wa 12, 1961. Alikuwa na miaka 36. Mwili ulirudishwa Tunis, kisha wapiganaji waliuvukisha mupaka na kuuzika ndani ya udongo wa Algeria, miezi saba kabla ya uhuru wa inchi. Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake, na inaendelea kupokea wagonjwa wa akili.